Kitambaa cha Mgagani

Busisi, 18 Agosti 2025

Kwako Mama Odeta,

Salamu ni nyingi ila karatasi ni moja, basi zichukue zote kwa mpigo. Mimi mzima.

Naandika kwa mkono wangu, sikumtuma mtu. Cheti cha kisomo cha watu wazima ninacho tangu mwaka 1975, na mwalimu alisema mbele ya darasa zima kwamba Mayala ana mwandiko wa karani. Simu nimeiacha. Juzi Odeta kapiga, nimeiweka sikioni, nasikia kama mtu anaongea akiwa ndani ya mtungi. Venant wa gari la nyanya anasema ubovu uko kwenye masikio yangu. Masikio yangu mazima kabisa, ni simu za siku hizi zinatengenezwa hovyo. Kwa hiyo tutaandikiana. Venant anapeleka nyanya sokoni Mkuyuni kila Jumatano, atapita hapo kwa Odeta.

Bustani yako ya nyuma ya jiko usiiwazie. Mtu aliyelima ekari saba za pamba, akawa mkulima bora wa tarafa nzima mwaka 1986 akapewa na baiskeli, atashindwaje na kipande cha udongo ambacho mbuzi akilala mkia unabaki nje?

Jumamosi nimepeleka maua ya altareni kama ulivyoagiza. Niliyatia kwenye mfuko wa mbolea nikafunga mdomo. Mzee mzima siwezi kupita njiani nimeshika maua. Katekista akaniuliza, mzee umetuletea mahindi? Nikamwambia fungua ujionee.

Meza dawa za hospitali, upone, urudi. Ugali wangu mwenyewe umenichosha.

Ni mimi mwenye nyumba,
Mayala Chenge, Mkulima Bora wa Tarafa


Mkuyuni, 27 Agosti 2025

Baba Odeta,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Odeta kacheka kwa huo mfuko wa mbolea mpaka akakaa chini.

Mimi naendelea vizuri. Hospitali kubwa tunakwenda kila Jumatatu, wananitundikia dawa, narudi nalala. Chakula kidogo kinapita. Usiwe na wasiwasi.

Sasa sikiliza, na usome polepole. Mchaichai unakatwa kwa kisu, haung'olewi. Mrehani umwagilie asubuhi, jua likishapanda uache. Waridi lipe maji ya kuoshea mchele, usilipe ya sabuni. Matembele chuma ncha tu, ukichuma mpaka shina utakula mara moja halafu basi. Na vitunguu vya majani usiviruke kwa sababu tu wewe huvipendi.

Zaidi ya yote usipalilie kila kitu. Nakujua. Bustani si shamba la pamba, Baba Odeta. Humo kuna vitu vinajiotea vyenyewe na mimi naviacha kwa makusudi.

Majirani wasalimie. Kuku wa madoa akianza kuatamia usimsumbue.

Naendelea huku nyuma, karatasi ni za Odeta, sitaki kumwibia ya pili. Kuna mgagani mmoja mkubwa karibu na lile jiwe. Umekauka, majani yamepukutika, ukiuangalia unatia aibu. Huo ndio nilioufunga kitambaa cha kanga. Ule hauchumwi wala hauguswi, ni wa mbegu. Ndiyo mbegu aliyonimiminia mama kiganjani siku naolewa kwako, naye alimiminiwa na mama yake. Haiachwi mezani, hutoka kiganja cha mama ikaingia kiganja cha binti. Nsansa yote uliyokula nyumbani kwako miaka arobaini na tisa, ile mboga ya majani ya mgagani tunayoichemsha na kuikausha, ilitoka humo.

Odeta sikumpa alipoolewa kwa kuwa alikuwa chumba cha kupanga, angepanda wapi, kitandani? Sasa wana kiwanja chao, mawe matupu, lakini pembeni kuna udongo. Nataka nimkabidhi mwenyewe kabla. Kabla mvua hazijaanza.

Wako,
Modesta


Busisi, 12 Septemba 2025

Mama Odeta,

Barua nimeipata na maagizo nimeyashika yote. Mchaichai kisu, waridi maji ya mchele. Ingawa waridi kula mchele ni mambo ya ajabu.

Sasa utakaporudi hutaitambua hiyo bustani. Jumanne nimeingia na jembe tangu alfajiri mpaka saa nne. Yale mabua makavu yote yaliyokuwa yamesimama humo kama wazee wasio na watoto nimeng'oa, nimerundika, nimechoma moto. Bwana shamba alitufundisha kwenye pamba, mwezi wa tisa usifike katikati mabua ya zamani bado yamesimama, wadudu wanalala humo wanangoja msimu. Nilipopewa baiskeli unadhani nilipewa kwa sura? Ni kwa usafi wa shamba.

Sasa pamefagiliwa, ukidondosha sindano unaiona. Mke wa Elias jirani kapita kwenye uzio, kasimama, kashika kiuno.

Kuku wa madoa kaatamia mayai tisa. Sijamsumbua, yeye ndiye kanidonoa.

Umesema chakula kinapita kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Kula.

Mayala Chenge, Mkulima Bora


Mkuyuni, 19 Septemba 2025

Baba Odeta,

Shikamoo. Pole kwa kazi ya jembe, mgongo wako si wa kijana.

Umesema umechoma mabua makavu. Najua ule wenye kitambaa hukuugusa, maana nilikuandikia nyuma ya karatasi. Vile viganda vyake virefu sasa vitakuwa vimegeuka njano. Vivunje asubuhi umande haujakauka, visipasuke mkononi. Nataka kiganja kimoja tu.

Ulete mwenyewe. Venant anasema siku hizi ni kuvuka darajani tu, hakuna tena kukaa foleni ya kivuko tunakula miwa kama zamani. Hata kulala hapa unaweza, Odeta ana godoro la ziada. Njoo, tukae barazani, nimkabidhi binti yako wewe ukiwa unaona.

Mimi sijambo. Nywele zimepungua kidogo lakini kilemba kinatosha.

Modesta


Busisi, 24 Septemba 2025

Odeta mwanangu,

Hii barua ni yako peke yako. Usimsomee mama yako, na ukiisoma karibu naye kunja uso kama unasoma ankara ya maji.

Mimi karatasi yake niliisoma upande mmoja. Nilifika chini, kuku wa madoa, nikajua imeisha, nikaiweka chumbani juu ya ile baiskeli yangu ya zawadi. Nani anaandika nyuma ya karatasi? Sisi kisomo tulifundishwa upande mmoja. Ilipokuja hii ya pili ndiyo nikageuza ile ya kwanza. Nikakaa chini palepale.

Nimeuchoma, Odeta. Ndio ulikuwa wa kwanza kung'oa maana ulikuwa mbaya kuliko yote. Kitambaa nilikiona. Nilidhani upepo umekileta kutoka kwenye kamba ya nguo, nikakitupia motoni nacho. Na ulivyoungua ulilia pa-pa-pa kama bisi, nikafurahi, nikasema mnawaona wadudu hao.

Asiambiwe. Akishapona nitamwambia mwenyewe. Wewe hapo Mkuyuni sokoni kina mama wanauza mgagani, hawakosi wenye mbegu. Tafuta, funga kwenye karatasi, mpe Venant aniletee, nami nitamrudishia kama imetoka huku. Mbegu ni mbegu.

Yeye anasema ana nafuu. Ni kweli?

Baba yako,
Mayala Chenge


Mkuyuni, 1 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Hilo sitalifanya. Unisamehe, nimekuheshimu maisha yangu yote, lakini mbegu ya sokoni siwezi kumwekea mama mkononi nikamwangalia usoni. Mwambie mwenyewe. Atakugombeza, halafu atauliza umekula nini. Unamjua.

Umeniuliza nafuu. Mama alinikataza, lakini umeniuliza na mimi si mwongo. Madaktari wameacha kumtundikia ile dawa. Walituita mimi na mume wangu ofisini, wakasema tukae naye nyumbani, tumpe ya kutuliza maumivu, tumpe anachotaka. Tulipotoka alikuwa kwenye benchi, akasema, nimeshajua, msinikunjie sura, nani atamwandikia baba yenu kwamba mimi ni mzima? Mimi mwenyewe.

Kwa hiyo yeye anakuficha, wewe unamficha, na mimi ndiye ninayezipokea barua za pande zote mbili.

Njoo, Baba. Kila gari likisimama nje anauliza ni nani huyo. Mbegu ikiwepo isiwepo, njoo.

Mwanao,
Odeta


Busisi, 10 Oktoba 2025

Mama Odeta,

Nakutumia mbegu. Ziko ndani ya karatasi hii ndogo aliyoshika Venant, nimekunja mara nne zisimwagike. Nilivunja viganda asubuhi na umande kama ulivyosema. Ule mgagani ulikuwa umesimama imara, kitambaa kipo, nimekiosha.

Kuja siwezi kwa sasa. Mbuzi wa Elias wameanza kuingia kwenye uzio, nikiondoka hata siku moja watamaliza matembele yote. Halafu hilo daraja sijaliamini. Refu namna ile juu ya maji! Mimi nimevuka kwa kivuko tangu ujana wangu, najua injini ikizima utafanya nini. Daraja halizimi, sasa hapo utafanya nini? Ngoja kwanza watu walizoee.

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Palipochomwa pameanza kuota magugu, nimeyawahi yangali madogo. Hakuna jani limebaki.

Waridi limetoa maua matatu. Kuku wa madoa ametotoa saba. Chumba kinavuja palepale pa zamani, nimeweka sufuria yako kubwa.

Kula, Modesta. Hata uji.

Mayala


Mkuyuni, 5 Novemba 2025

Baba Odeta,

Mkono umechoka, kwa hiyo maneno machache.

Mbegu nimezipata. Nimezimimina kiganjani nikaziangalia sana. Jumapili iliyofuata, baada ya sala, nilimkabidhi Odeta, kiganja kwa kiganja, kama nilivyokabidhiwa. Kidogo tulizipanda kwenye kopo la rangi hapa barazani na zimeota vizuri. Ahsante. Najua haikuwa kazi rahisi kwako.

Neno moja la bustani. Pale ulipochoma usitie tena jembe. Mvua hizi zikinyesha paache paote chochote kinachotaka kuota, hata kama macho yako yatauma. Mgagani hupasuka kabla ya mtu kuuwahi, humwaga wenyewe nusu ya mbegu zake chini. Wewe paache tu.

Na neno la pili. Njoo. Uje mikono mitupu, usilete kitu. Mimi sihitaji kitu.

Modesta wako


Busisi, 18 Novemba 2025

Modesta,

Barua yako ilikaa juu ya baiskeli siku kumi na mbili sijaifungua. Venant akiniuliza mzee vipi majibu, namwambia karani ana kazi nyingi. Niliogopa umejua. Jana ndiyo nimeifungua, nimesoma mbele, nimesoma na nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu, lakini nimesoma.

Umejua. Zile mbegu ni za mchicha. Nilikwenda duka la pembejeo la Queen pale stendi, nikaona aibu kutamka mgagani mbele ya vijana, mkulima mkubwa anatafuta magugu, nikasema nipe zile nyeusi ndogo. Mchicha hauwezi kuota mgagani hata ukiupanda wewe.

Na pale pa majivu nimeshapalilia mara tatu. Vilikuwa vinaota vimea vidogo, nikakwangua vyote. Sikujua ni nini.

Haya mengine nitayasema kwa mdomo. Kesho Jumatano napanda gari la Venant, na hilo daraja tutapambana nalo. Koti nimelipiga pasi. Barua hii natangulia kumpa leo ili nisije nikabadili mawazo.

Naja mikono mitupu.

Mayala


Mkuyuni, 10 Desemba 2025

Baba,

Shikamoo. Nimerudi salama, watoto nao wameanza likizo. Nyumba imekuwa kubwa.

Pale msibani kulikuwa na watu wengi na wewe husikii ukisemeshwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo nakuandikia niliyoshindwa kuyasema.

Kwanza, barua yako. Venant alikuwa nayo mfukoni asubuhi ile nilipompigia. Anasema wewe ulikuwa umeshasimama barabarani umevaa koti, akakuona kwa mbali, akashindwa kushuka kwenye gari. Aliniletea Alhamisi wakati tunamtayarisha mama kwa safari. Niliisoma nikaiweka chini ya mikono yake. Amevuka nayo daraja.

Pili, zile mbegu. Alipofungua karatasi yako alijua palepale. Mbegu ya mgagani ina mikwaruzo, haing'ai. Mimi nikaanza kulia, nikasema mama, baba amekosa, ameuchoma. Akasema, najua, nilijua tangu aliposema amechoma mabua. Halafu akacheka. Akasema, "Lakini hebu ona, baba yako amekwenda dukani kununua mboga. Miaka yote hii sijawahi kumtuma dukani akaenda." Akasema nitandaze kiganja. Nikasema mama, huu ni mchicha. Akasema, "Tandaza, mimi sina muda wa kungoja mwingine."

Nimeupanda, Baba. Umetoka mzuri, lakini ni mchicha.

Jumanne jioni aliuliza kama kesho ni siku ya Venant. Nikamwambia ndiyo. Alfajiri hakuamka.

Usikae peke yako sana.

Odeta


Busisi, 11 Januari 2026

Odeta mwanangu,

Barua yako niliipata kabla ya Krismasi. Sikujibu.

Kwanza nikwambie kweli moja. Daraja sikuliogopa. Nimeshawahi kulala mtumbwini na tufani, nitaogopa barabara ya zege? Niliogopa kufika pale barazani akaniangalia mikono. Ndiyo hiyo. Mbuzi wa Elias hawakuingia hata siku moja.

Nilisimama barabarani na koti langu mpaka Venant akashuka. Nikamwambia umechelewa, mke wangu ananingoja. Hakujibu. Nikadhani ni masikio.

Bustani imekwisha. Watu wa msiba walipika juu ya matembele, walisimamisha maturubai kwenye vitunguu, mchaichai waliuchemsha wote kwenye chai, na mimi sikuwakataza, hata yeye asingewakataza. Waridi limebaki shina. Lile eneo la majivu limekanyagwa likawa kama sakafu. Na hata lisingekanyagwa, mimi nilishalimaliza kwa jembe.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeegemea lile jiwe. Nikasikia harufu, ile chungu ya mgagani. Nikainama, goti likagoma, nikainama tena. Jiwe lina ufa upande wa nyuma, mwembamba, jembe haliingii, mguu hauingii. Humo umetoka mmoja. Umejificha humo wakati wote napalilia, umejificha humo tunamzika. Una maua meupe, na viganda umeanza kuvitoa, bado kijani, vinne kwa hesabu yangu.

Sijauchuma hata jani. Kitambaa sikuwa nacho, kanga zake zote umezichukua na ni haki yako. Nimekata bitana ya koti langu, nikaufunga. Fundo langu baya, limelala upande, nimelifunga mara mbili lisifunguke.

Jumamosi nilikata maua ya zinia yaliyobaki uani nikapeleka altareni. Mfuko wa mbolea sikuuona, nikayashika tu mkononi. Nimepita sokoni, nimepita kwa Queen, nimepita kwa vijana wa bodaboda. Katekista kayapokea kwa mikono miwili.

Viganda hivi vikikomaa nitavuka kuja kwako. Utatandaza kiganja. Mimi si mama, lakini mwenye kiganja cha kutoa nimebaki mimi.

Sasa niambie jambo moja. Yeye aliandika vikigeuka njano vivunjwe na umande. Lakini njano ipi, ya mwanzo au ya mwisho? Nikiwahi, mbegu itakuwa changa. Nikichelewa, zitapasuka zianguke ndani ya jiwe nisizifikie. Nimelima miaka hamsini na hilo sikuwahi kumwuliza, na alikuwa hapa kila siku.

Kama hujui, waulize kina mama wa sokoni. Ila usiwaambie anayeuliza ni nani.

Baba yako,
Mayala